Kucha Haiuzwi Rejareja

Dar es Salaam ni mji wa rejareja, na mimi ndiyo maana naupenda. Mangi wa hapa mtaani kwetu anakukatia nusu mkate bila kukuuliza nusu ya pili ataila nani. Mafuta ya kupikia unapimiwa, sigara inauzwa mojamoja, dawa ya kichwa unapewa vidonge viwili vilivyokatwa kwa mkasi. Kuku, ambaye Mungu alimuumba mzima, ikifika jioni unamkuta kando ya barabara ameshagawanywa: shingo kwa watu wa shingo, firigisi kwa wenye uwezo, miguu kwa wanafunzi na sisi wa tarehe ishirini na tano. Kiatu kikibanduka soli unakipeleka hicho kimoja kwa fundi, umekishika mkononi, mguuni umevaa ndala. Hakuna fundi viatu aliyewahi kuniambia, "Kalete na mwenzake, kimoja hatushoni."

Kwenye kucha, sasa, mji umebadilika tabia.

Nieleze kwanza kwamba mimi si mtu wa kucha ndefu. Ninazo kumi, nilizozaliwa nazo, na zote zilikuwa zinafanya kazi vizuri mpaka komeo la geti liliponipiga kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kucha haikukatika. Ingekatika ningeshukuru, ningepitisha mkasi na maisha yangeendelea. Ilipasuka ubavuni, kule chini kabisa inakoanza kuachana na nyama, ikabaki imeshikilia upande mmoja. Kucha ya namna hiyo hainyamazi. Kila uzi ulioko ndani ya nyumba unaifahamu: uzi wa kanga, uzi wa sweta la mtoto, uzi wa dodoki. Usiku nikigeuka inanasa kwenye chandarua, na hapo lazima niamke, niwashe taa, nijinasue taratibu huku mwenzangu akiuliza kuna nini.

"Si uikate?" akaniambia.

Wanaume wakiona tatizo linalowashinda, basi dawa yake ni kukata. Nikamweleza kwamba ufa umeingia nyamani, na kwamba kucha ya mkono inakua kama milimita 3 hivi kwa mwezi, kwa hiyo mpaka ufa usogee hadi mahali pa kukatika nitakuwa nimekaa na plasta zaidi ya mwezi mzima. Akafikiri. Akasema, "Basi ibandike na ile gundi ya viatu."

Kazini kuna mabinti wawili ambao kucha zao ndiyo mtaji wao wa mazungumzo. Nikawaonyesha. Wakashika kidole changu wakakigeuza huku na huku, mmoja akatoa hukumu: "Anti, hii ni akrijeli tu. Anakuwekea kidogo hapo juu ya ufa, unaingiza taa, unatoka. Hata dakika ishirini haifiki."

Nikaamini. Jumamosi nikaenda saluni moja ya Sinza ambayo jina lake nitalihifadhi kwa sababu bado nina shughuli nayo.

Saluni ya kucha ni mahali pa heshima siku hizi. Kuna kiyoyozi, kuna tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na ukutani kuna picha kubwa za mikono isiyo na wenyewe, imekatiwa kwenye kiwiko, imeshika ua. Fundi alikuwa binti wa miaka ishirini na ushei, barakoa ameivaa kidevuni, na yeye mwenyewe kucha zake zina urefu ambao ulinifanya nijiulize anafungaje vifungo vya nguo. Mlangoni aliniita dada. Nilipokaa akaniita anti. Ngazi ya tatu tuliifikia baadaye.

"Karibu anti, leo tunafanya nini?"

Nikanyoosha kidole. "Hii hapa. Imepasuka. Nataka kuwekewa akrijeli."

Akakitazama, akaitazama mikono yote miwili, akakunja uso kama daktari aliyeletewa mgonjwa amechelewa. "Sawa. Tutakuwekea seti ya mlozi au ya jeneza?"

Jeneza ni umbo la kucha, msishtuke. Linapungua upana kidogo kuelekea mbele halafu linakatwa ncha, na kina dada wanalitaja wakicheka, "Nifanyie jeneza refu," hata mbele za watu wazima.

"Sitaki seti. Nataka hii moja."

"Moja hatufanyi anti."

"Kwa nini?"

"Ukitengeneza hii moja, hizo tisa zitaonekana mbaya."

Hebu tulia na hilo jibu kidogo. Nimeingia nina kucha tisa nzima na moja mgonjwa; sijapakwa hata tone la kitu, tayari nina tisa mbaya.

Akanipa karatasi ya bei iliyopigwa plastiki. Seti ya akrijeli, vidole kumi, shilingi 35,000. Kubandua ya zamani, 5,000. Michoro, kuanzia 5,000. Na chini kabisa, kwa maandishi ya rangi ya dhahabu: mawe, jiwe moja shilingi 500.

Nikarudia kusoma. Jiwe moja! Kwa hiyo hapa ndani rejareja wanaijua. Punje ya kioo isiyofika hata chawa unaweza kununua moja, ukalipa, ukaondoka. Kucha ambayo mtu anaihitaji kufungia zipu ndiyo inauzwa kwa jumla.

Nikaamua kumhoji kwa upole, maana mimi kazi yangu ni uhasibu na nimezoea kuhoji watu wenye risiti zisizoeleweka. Nikamuuliza akrijeli ni kitu gani hasa. Hapo akafurahi, kwa sababu kazi yake anaijua na anaipenda, na ninasema hivi bila kejeli. Akanieleza kwamba zamani kulikuwa na akriliki: unga na maji yake, unachovya brashi, unachanganya, na ukishachanganya tu mbio zinaanza, kwa sababu kinaganda chenyewe, hakikusubiri. Na harufu yake mteja anaipeleka mpaka nyumbani. Halafu kukawa na jeli, ambayo haina harufu ile na haigandi mpaka iingie kwenye taa, lakini ni nyepesi, inatiririka pembeni na kuingia kwenye ngozi. Akrijeli imechukua ugumu wa kwanza na subira ya pili. Inakaa kwenye tyubu, nzito, haitiririki, na kama haijaonja taa unaweza kuichezea utakavyo: ukapokea simu, ukagombana na mtu wa bodaboda, ukarudi ukaikuta bado laini.

"Kwa hiyo hukorogi kitu?" nikamuuliza.

"Sikorogi."

"Unakamua kiasi unachotaka?"

"Kiasi ninachotaka."

"Kinachobaki kwenye tyubu hakiharibiki?"

"Ukifunga vizuri hakiharibiki anti."

"Sasa kucha moja inakushinda nini, mwanangu?"

Kimya. Hata yule Mturuki kwenye televisheni alikuwa ananyamaza wakati ule.

"Ndiyo utaratibu," akasema mwishowe.

Utaratibu! Katika nchi hii, mtu akikosa hoja anakuta utaratibu umemsubiri mlangoni. Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba ufundi wenyewe, kwa historia yake, ulianzia kwenye kucha moja. Inasimuliwa katika fani hiyo kwamba mwaka 1954 daktari wa meno wa Marekani, Frederick Slack, alivunjika kucha akiwa kazini. Hakwenda popote. Alichukua karatasi ya alumini akaikinga chini ya ncha ya kidole, akakoroga akriliki ileile ya kutengenezea meno ya bandia, akajiundia kipande kilichopotea. Baadaye yeye na ndugu yake wakaifanya biashara. Kidole kimoja cha daktari wa meno ndicho kilichozaa mawe, michoro na majeneza yote haya. Siku ile angekutana na mtu wa kumwambia "moja hatufanyi", leo huyu binti angekuwa anauza chapati.

Kwa kweli sijui kwa nini kucha inawafanya watu wazima kuwaza kwa makumi. Mtakumbuka Septemba 2018, marehemu Job Ndugai, Spika wa wakati ule, alipopiga marufuku wabunge kuingia bungeni na kope na kucha za bandia. Wengine wakacheka, wengine wakakasirika, kila mtu akawa na maoni. Mimi swali langu halikuulizwa na mwandishi hata mmoja: mbunge aliyepasuka kucha moja kwenye komeo la geti, ikazibwa, je? Anaingia na tisa, ya kumi anaiacha kwa mlinzi?

Tukarudi kwenye bei. Aliingia ndani, akazungumza na mtu nisiyemwona, akatoka na msimamo mpya. "Bosi amesema tukusaidie. Moja 15,000."

Nikatoa simu, nikafungua kikokotoo, nikamwekea mezani. Kumi ni 35,000. Moja ni 15,000. Kwa hiyo tisa ni 20,000, sawa na shilingi 2,222 kila moja. Hii yangu ina thamani karibu mara saba ya ndugu zake waliolala nayo mkono mmoja.

"Basi nifanyie hizo tisa kwa 20,000," nikamwambia. "Hii ya kumi nitaitafutia fundi mwingine."

Hapo ndipo tulipofika ngazi ya tatu. "Mama," akasema, "wewe una maneno."

Kuitwa mama na mtu wa saluni maana yake ni kwamba urembo umeisha, sasa mnaongea fedha. Tulivutana mpaka 10,000, na nikaapa sitachukua soda.

Lazima niwe mkweli kuhusu kazi aliyoifanya baada ya hapo, kwa sababu manung'uniko yangu ni ya bei na midomo. Mikono sina ugomvi nayo. Alikata kile kipande kinachoning'inia kwa mkasi mdogo wenye ncha iliyopinda, bila kunigusa nyama. Akapitisha msasa juu ya kucha, taratibu, mpaka ule mng'ao ukatoka ikabaki nyeupe yenye vumbi. Akasema kitu kinachong'aa hakishiki kitu. Akafuta kwa dawa ya kukausha mafuta, akapaka kimiminika cha msingi, taa. Akachomeka karatasi yenye gundi chini ya ncha ya kidole, imepigwa mistari ya kupimia, akaibana pande zote mbili ikawa mfereji. Sijui yeye kama anafahamu kwamba pale alikuwa anarudia alumini ya yule daktari wa meno.

Halafu akakamua. Kiasi cha punje ya choroko! Nikaikodolea macho ile punje. Shilingi 10,000. Akaikata kwa kijiko bapa, akaikalisha katikati ya kucha, akalowesha brashi kwenye kimiminika kinachonuka spiriti na kuanza kuisukuma: hapigi, hapaki, anaibembeleza tu, kutoka katikati kwenda ubavuni, juu ya ufa, kisha mbele mpaka ikavuka ncha na kutua kwenye karatasi. Brashi ikikauka inashika, akilowesha sana inateleza. Nilimwona anaifuta kwenye tishu baada ya kila mguso. Binti mwanafunzi alikuwa amesimama nyuma yake na feni ndogo ya mkononi, ananipepea mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa na sura ya hasira.

"Ingiza kwenye taa. Ikichoma sema."

Ikachoma. Akrijeli ikianza kuganda inatoa joto, na ikiwekwa nene joto linakuja kwa mkupuo; unasikia kama kucha imekumbuka deni. Nikachomoa mkono.

"Vumilia mama, urembo ni mateso."

Nikamwambia mimi sijaja kwenye urembo, nimekuja kwenye matengenezo, na dawa ya joto hilo ni kuweka safu nyembamba mbilitatu badala ya moja nene, mkono unachomolewa kidogo halafu unarudishwa. Akanitazama upya. Nikaongeza, maana nilishapata nafasi, kwamba awe anaangalia isiguse ngozi kabla haijaganda, kwa kuwa hiyo mbichi ndiyo inayowaletea watu mzio, vidole vinawasha na kuchubuka, na mafundi ndio wanaougua zaidi kwa kuwa wanaishika kutwa. Nikamwambia Ulaya wamekwisha kuwa wakali: kemikali moja ya kusaidia jeli kuganda, iitwayo TPO, imepigwa marufuku kwenye vipodozi tangu tarehe 1 Septemba 2025. Aangalie kwenye maboksi anayonunua Kariakoo.

"Mama unasoma sana," akasema, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake pole. Lakini barakoa akaipandisha puani. Hilo nililiona.

Safu ya pili ilipoingia kwenye taa, umeme ukakatika. Mturuki akapotea katikati ya sentensi. Hapo ndipo nilipoelewa faida ya kitu kisichoganda chenyewe, maana nilikaa na kidole hewani, laini kimelowa, wateja wengine wakinyoosha mikono yao mbele yao kila mmoja na hatua yake, wote tukitazama dari. Mwanafunzi akatoa kitaa kidogo cha kuchomeka kwenye benki ya umeme ya simu, kinachotosha kidole kimoja tu. Kidole kimoja! Nikamtazama fundi. Akajua ninachotaka kusema, akageuka kutafuta msasa.

Kucha ikatoka. Ilipofutwa utando wake wa kunata na kusuguliwa vumbi, ikapakwa ya mwisho ikang'aa, hukuweza kuona ufa ulikokuwa. Ngumu, nimeigonga mezani imelia. Nikalipa, nikaomba risiti, wakacheka wakidhani natania.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi vilevile. Shangazi yangu wa Tanga alikuwa amekuja kwa wiki ya matibabu, na yeye jicho lake halipitwi na kitu. Alikishika kidole akauliza, "Maji yanapita?" Alikuwa anauliza habari ya udhu. Hina haimsumbui, inaingia kwenye kucha yenyewe na maji yanapita juu. Hii ni ukuta. Nikamwambia ni tiba, kucha imepasuka. Akauliza mbona tiba inang'aa. Nikasema fundi ameongeza mwenyewe. Basi itoe, akasema. Nikaeleza kwamba hii si ile rangi ya chupa ya kufuta kwa asetoni ukiwa unaangalia taarifa ya habari. Akrijeli asetoni inaipuuza, inataka kusagwa kwa msasa au mashine, na anayesaga ni yuleyule aliyeweka, na kusaga kuna bei yake kwenye karatasi ya plastiki. Shangazi akanyamaza, akahesabu kwa vidole vyake vyenye hina.

"Kwa hiyo umelipa kuiweka, na utalipa kuitoa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na katikati?"

Katikati, shangazi, kuna kujazia. Kucha inakua, akrijeli inasogea mbele nayo, na kule nyuma karibu na ngozi kunabaki ufito wa kucha tupu, una ngazi ndogo ambayo uzi wa kanga umeshaanza kuisalimia. Mwezi ulipoisha ufito wangu ulikuwa umefika zile milimita 3 barabara, na siku hiyohiyo ujumbe ukaingia kwenye simu, wenye maua na nyota: "Mpendwa mteja wetu, muda wa kujazia umefika. Ofa ya wiki hii vidole kumi 25,000 tu."

Nikajibu: "Vidole kumi vya nani?"

Nikaona anaandika. Ameacha. Anaandika tena. Nikamrahisishia, nikamwandikia kwamba kwa hesabu ya ofa yake kidole kimoja ni 2,500, nami nitakuja nayo kamili, Jumamosi, chenji hatadaiwa. Akaandika, akafuta. Mwanafunzi wake, nadhani, alikuwa begani kwake, kwa sababu ilikuja sauti ya watu wawili wakicheka, ikakatwa. Halafu jibu lenyewe:

"Njoo tu mama, tutaongea."

Ameniita mama kabla hata sijafika mlangoni. Maana yake ni 10,000 tena.